Dawa ya Ukoo

4 Februari

Chiriku wangu,

Pokea salamu za shangazi yako ambaye bado yu hai na bado ana mdomo. Baba yako hajambo. Anakohoa kidogo na kulalamika sana, ndiyo afya yake ilivyo. Mimi msimu wa sare za shule umenimaliza mgongo, mashati ya bluu nayaona hata nikifumba macho, na mkanda wa cherehani umekatika tena siku ambayo mwalimu mkuu alikuja kufoka mlangoni. Mpe mkwe wangu salamu. Mwambie mbao anazopasua huko msituni zinafika hapa zimepinda, basi apasue akiwa ameshiba.

Haya, tuje kwenye jambo. Barua yako uliyompa Breki nimeisoma mara mbili. Unasema kichwa kinakugonga, macho yanaona nyota, na yule bwana wa huduma ya kwanza hapo kambini amekupima akasema ni presha, uende hospitali ya mjini. Halafu unasema huendi. Hukusema kwa nini, nami sikuulizi, maana najua ni hospitali ipi na najua ulitokaje pale mara zote mbili.

Sasa sikiliza. Presha hii hukuiokota barabarani. Babu yako alikuwa nayo, baba yako anayo ila anaikana, mimi ninayo. Ugonjwa umetoka kwa babu mmoja, dawa itakosaje kuwa moja? Zamani nilikuwa nameza vidonge viwili kila asubuhi, cha kulegeza mishipa na cha kutoa maji mwilini. Mwaka huu wamenibadilishia, wameviunganisha kimoja. Nesi wa zahanati alinieleza mengi sana siku hiyo, mengine yameingia na mengine yamepita. Nililoshika ni kwamba vile vya zamani nisivimeze tena pamoja na hiki, kwamba nimeze asubuhi kwa sababu kinakojoza, na kwamba nikiinuka niinuke polepole nisije nikaanguka.

Wamenipa vya miezi minne. Nimekugawia nusu. Nimevitoa kwenye boksi nikavishonea ndani ya pindo la pazia ninalokutumia, maana Breki ni dereva mzuri lakini mdaku, akijua ni dawa kambi nzima itajua kabla pazia halijashuka kwenye lori. Fumua pindo taratibu. Kimoja kila asubuhi. Ukinywa utaniambia.

Kama simu zingeshika huko msituni kwenu ningekupigia nikusikie kichwa kinavyopona. Lakini ndiyo hivyo, tumsubiri Breki na mwezi wake.

Shangazi yako.


1 Machi

Shangazi mpendwa,

Shikamoo. Sisi ni wazima. Mvua imeanza mapema, stoo yangu inavuja pembeni na nimehamisha mafuta ya misumeno na magunia ya misumari peke yangu, yaani nilisaidiwa, usianze kugomba. Mkwe wako anasema mbao hupindia kwenu, huku zinatoka zimenyooka. Baba mwambie aache kuukana ugonjwa.

Pazia ni zuri na pindo nimelifumua. Nakushukuru sana. Nilianza kumeza siku ile ile na kweli kichwa kimetulia. Ila nikiinuka kutoka kitini dunia inazunguka kidogo, na siku nyingine nikizidiwa naruka simezi. Nilitafuta kile kikaratasi cha maelezo kinachokaa ndani ya boksi sikukiona. Ulikitupa? Nilitaka tu kusoma. Hakuna sababu.

Nina ombi. Unishonee gauni pana, la kuachia, lisinibane tumboni. Huku joto ni kali na mimi nimenenepa, kazi yenyewe ni ya kukaa. Tepu ya kupimia sina, kwa hiyo nakutumia uzi. Fundo la kwanza ni kifua, la pili ni kiuno. Uache nafasi kubwa mbele.

Yule bwana wa huduma ya kwanza ameniuliza tena kama nimekwenda mjini. Nimemwambia natumia dawa za kwetu. Akauliza kama kuna kitu kingine namficha, nikacheka tu.

Wako,
Chiriku


24 Machi

Mwanangu,

Salamu. Baba yako mzima. Nisamehe habari nyingine za huku, leo sina pumzi ya kuzieleza.

Uzi wako niliupata. Mimi nimeshona miaka mingi, mwanangu, na gauni lako la harusi nililikata kwa mikono hii. Niliuweka uzi juu ya kiolezo cha kiuno chako nilichokitunza. Mtu aliyenenepa huongezeka mgongoni, mikononi, kote. Wewe umeongezeka kifuani na kiunoni, na nafasi unaitaka mbele tu. Nilikaa chini nikacheka peke yangu hadi mteja akadhani nimerukwa na akili. Sikukuandikia neno. Nilijiambia, ana haki ya kunyamaza, mara mbili alitangaza mara mbili akazika. Nikaanza kukusanya vitambaa laini vilivyobaki kwenye kazi za watu, nikishona vitu vidogo vidogo na kuvificha chini ya mashati.

Kisha wiki iliyopita nikaanguka. Nilikuwa na mguu kwenye pedali, damu ikanitoka puani ikamwagika juu ya shati la mtoto wa watu, na nilipoinuka sikujua niko wapi. Baba yako alinipeleka zahanati. Presha ilikuwa juu mno, nesi akaipima mkono wa pili hakuamini. Akauliza kama nameza dawa kila siku. Nikasema ndiyo. Ukweli ni kwamba tangu nikugawie nameza siku moja naacha siku moja ili nifike mwisho wa miezi minne. Nesi hakunibishia. Alikaa akaanza kunieleza upya kama mtoto. Kwamba kuruka siku na kuacha ghafla kunairudisha presha kwa hasira. Kwamba nisichanganye na dawa za maumivu za kujinunulia dukani, figo zitaumia, wala ile chumvi mbadala wanayouziwa wenye presha. Kwamba midomo au ulimi vikivimba nisingoje asubuhi, nikimbie zahanati. Kwamba ya kwangu ni ya kwangu, hata ndugu wa tumbo moja asipewe.

Nikauliza, kama kwa mzaha: na ndugu mwenyewe akiwa mjamzito?

Aliweka kalamu chini. Alisema mwenye mimba asiiguse dawa hiyo kabisa, kwa sababu inakwenda kwenye figo za mtoto, na mimba inavyokua ndivyo inavyodhuru zaidi. Alisema walinieleza hilo siku ya kwanza. Huenda walinieleza. Mimi umri wangu umepita, nililiacha lipite.

Nijibu neno moja tu. Una mimba? Kama unayo, usimeze tena hata kimoja. Na usiishie hapo ukakaa nyumbani, maana presha bila dawa nayo inaua mama na mtoto. Nesi amesema uende hospitali siku ile ile wakupe ya wajawazito. Nenda hospitali ile ile unayoiogopa.

Barua hii nampa Breki sasa hivi.

Shangazi


10 Aprili

Chiriku,

Sina salamu. Breki amerudi leo na lori zima likiwa na mzigo wake wote. Daraja limechukuliwa na maji. Barua yangu ilikuwa kwenye dashibodi yake muda wote huo, chini ya chupa ya maji, imelowa pembeni. Nilimtukana maneno ambayo sijawahi kumtukania mtu, naye kosa lake nini, yeye si daraja.

Kila asubuhi nikishika kidonge changu nakuona na wewe unakishika chako. Ninasikia hata unavyokunywa maji. Nimekwenda kwa afisa wa kampuni ya mbao hapa kwetu kuuliza kama wana simu ya upepo ya kuongea na kambi. Amesema ipo ila betri imekufa tangu mvua zianze. Nilitaka kupanda juu ya meza yake.

Nakuandikia hii ili nisikae bure. Sijui itapita wapi.

Shangazi yako


12 Aprili

Shangazi mpendwa,

Shikamoo, na baba shikamoo. Daraja limekwenda na sisi tumekuwa kisiwa. Barua hii anaileta mzee mmoja wa hapa kambini, mpima miti, anasema anajua mahali pa kuvuka kwa miguu. Mpe chai, ametoka mbali.

Shangazi, keti. Nina mimba. Ni mwezi wa tano sasa na anacheza. Jana alinipiga teke nikiwa nahesabu minyororo ya misumeno, nikasahau hesabu. Sikukuambia kwa sababu ya wale wawili. Nilidhani nikinyamaza atakaa. Sikwenda mjini kwa sababu ile wodi naijua harufu yake, na kila nilipopita mlango ule nilitoka mikono mitupu. Mume wangu aligomba, akabembeleza, nikamwambia mimi nina dawa ya kwetu na nitakwenda siku ya kujifungua tu. Wewe ulikuwa hospitali yangu, Shangazi.

Sasa habari mbaya kidogo. Kichwa kimerudi na miguu imevimba, kwa hiyo nimeongeza, nameza viwili kwa siku, kimoja asubuhi na kimoja jioni. Vimebaki vichache. Tafadhali mpe mpima miti vingine akirudi. Unaniona nakuomba bila aibu. Safari hii nataka kumzaa, nimeona nijilinde kweli kweli.

Chiriku wako


14 Aprili

USIMEZE.

Ukisoma neno hilo simama, vitupe vyote vilivyobaki, halafu ndipo uendelee.

Dawa ile inamwumiza mtoto figo. Sikujua nilipokutumia, nimejua baadaye, barua mbili za kukueleza zimekwama kwenye lori. Kosa si lako. Nenda hospitali leo, si kesho. Mwambie mkwe wangu akubebe mgongoni, akubebe kwenye trekta ya magogo, akubebe anavyojua. Mpima miti ameniapia kwamba atakuonyesha pa kuvuka. Karatasi ya pili hapa ni ya nesi, ameandika jina la dawa na kiasi chake. Mpe daktari, na umwambie ulikuwa unameza viwili. Usione haya, usipunguze hata kimoja kwenye maelezo.

Ukiulizwa nani kakupa, nitaje mimi.

Shangazi


5 Mei

Shangazi,

Niko wodini. Harufu ni ile ile.

Barua uliyompa mpima miti ilinikuta stoo. Zile barua zako mbili za mwanzo nimezipata juzi hapa kitandani, Breki kazileta baada ya daraja kutengenezwa kwa mbao. Nilizisoma kwa mpangilio wa tarehe. Kumbe ulijua kwenye uzi.

Nilivuka mto nikiwa juu ya trekta, mume wangu amenishika kiunoni, na muda wote nilikuwa nasikiliza tumbo. Hapa walinipima kwa ile mashine ya kumwona mtoto. Daktari alizungusha kile kidude tumboni, akarudi mahali pale pale mara tatu. Mimi madaktari wanaorudia kipimo nawajua. Akasema mtoto yupo, moyo unapiga, ila maji yanayomzunguka yamepungua sana. Nikauliza maji yanahusiana nini na figo. Akanieleza kwamba maji yale sehemu kubwa ni mkojo wa mtoto mwenyewe. Asipokojoa yanakauka, na yakikauka mapafu yake hayakui.

Alitaka kujua ni daktari gani aliyeniandikia dawa hiyo. Nikamwambia ni shangazi yangu, fundi cherehani. Hakucheka. Alisema tu kwamba dawa yenyewe ni nzuri, kwa mtu aliyeandikiwa.

Wamenipa dawa nyingine ya presha, ya wajawazito. Maji yanaweza kurudi na yanaweza yasirudi. Watapima kila wiki. Hakuna mtu hapa anayeniahidi kitu, nami nimewakataza wasiniahidi.

Sasa nakuomba. Usiniandikie mpaka nitakapokuandikia mimi. Nikiona mwandiko wako presha inanipanda, na wamesema isipande.

Mimi


9 Juni

Wewe uliye ndani,

Mama yako amenikataza kumwandikia, na mimi ni mtu mtiifu, kwa hiyo barua hii ni yako. Atakusomea akitaka.

Mimi ni bibi yako wa upande wa mdomo. Babu yako hajambo, ameacha kulalamika, na hilo linatutisha wote. Amekubali kupimwa presha na ameandikiwa dawa yake mwenyewe. Nilipomwuliza kama inafanana na yangu aliificha mfukoni kama mwizi. Mimi nameza ya kwangu kila siku, sirukishi, na nesi nilimweleza ukweli wote. Aliandika tu kwenye kadi yangu. Ningependa angenifokea.

Nimewahi kuogopa mambo mengi. Niliogopa radi, niliogopa wenye nyumba, niliogopa kufa siku ile niliyoanguka. Yote yalikuwa mchezo. Sasa naogopa hata hodi. Mtu akibisha mlango wa duka nabaki na mguu hewani juu ya pedali, nasubiri aseme anataka kupunguziwa suruali. Akisema hivyo ninampenda kama ndugu.

Sikuombi kitu kikubwa. Kojoa. Najua si lugha ya bibi kumwambia mjukuu, lakini ndiyo lugha niliyo nayo. Kojoa, mwanangu, kojoa sana.

Bibi


20 Julai

Shangazi,

Mtoto amezaliwa. Yuko hai. Nimeanza na hilo ili usife ukifungua bahasha. Sasa shikamoo, na mpe baba shikamoo.

Barua yako ya mwezi uliopita nilimsomea. Mume wangu alikuwepo, akatoka nje kwenda kujifanya anatafuta maji ya kunywa. Maji yalirudi kidogo kidogo. Wiki moja yanaongezeka, wiki nyingine yamesimama, na kila siku ya kipimo nilikuwa siwezi kula. Juzi presha ikapanda ghafla, macho yakaingia giza, wakasema hatusubiri tena. Walinipasua asubuhi ile ile. Ni msichana. Hajatimiza miezi, ni mdogo hata soksi zinamvuka, lakini alilia. Sauti imetoka kwako, samahani kukwambia.

Nilidhani akilia basi yamekwisha. Nikaona manesi hawafurahi. Walimweka kwenye kile kitanda cha joto, wakawa wanakuja, wanafunua nepi, wanagusa, wanafunika, wanaondoka. Nikamwuliza mmoja wao wanatafuta nini. Akasema wanasubiri akojoe, kwa sababu figo sasa ziko zenyewe, hazina mimi wa kuzisaidia, na dawa ile niliyokunywa wanataka kujua imeacha nini.

Mchana ukapita, nepi kavu. Jioni kavu. Mume wangu alisimama kwenye kioo na hakukaa hata walipomletea kiti. Mimi walinisukuma kwenye kiti cha magurudumu nikakaa naye pale, mshono unaniuma, natazama nepi. Sikumwomba Mungu anipe mtoto mzuri wala mwenye akili. Shangazi, nilikuchukia saa zile. Nilikuchukia kwa majina yako yote. Na nilijichukia mimi niliyekwenda kwenye pindo la pazia nikauacha mlango wa hospitali.

Asubuhi alikuja nesi mtu mzima, mnene, asiyecheka na mtu. Akafunua. Akainama. Kisha akarudi nyuma akifuta shavu kwa kiganja, na koti lake lilikuwa na doa la maji kifuani. Akatugeukia pale kwenye kioo, akasema polepole tusome midomo yake.

"Kanilowesha."

Mume wangu, mwanaume anayeangusha miti, aliketi sakafuni.

Daktari amesema tusisherehekee kupita kiasi. Watampima figo na presha yake mara kwa mara mpaka awe mkubwa, na mimi dawa nitakazomeza nikinyonyesha watachagua wao, si mimi wala mtu wa kwetu. Yule bwana wa huduma ya kwanza alikuja kuniona. Nimemwambia yote aliyokuwa anayauliza.

Umeniomba msamaha kupitia kila mtu aliyepita njia hii, mpaka Breki. Sijakusamehe, na sitaki kukudanganya. Ikifika siku nitakwambia. Lakini nepi sasa zinalowa mfululizo, mimi siwezi kuinama, na baba yake akifua zinarudi na madoa ya mafuta ya msumeno. Njoo ufue.

Chiriku